Udongo Ulio Chini ya Jani la Chai

Jina la eneo bunge la Soin/Sigowet, kwenye ukingo wa magharibi wa Kaunti ya Kericho, limebeba kimo ndani yake. Kwa Wakipsigis, soin ni nchi ya chini, nchi ya joto, na mosop ni nchi ya juu, ya baridi na ukungu wa asubuhi. Ukishajua mtu anaishi juu au chini, umeshajua mengi: kama kwake kuna chai au miwa, kama mvua ikinyesha maji yanamwondokea au yanamjia. Sigowet imekaa pale ambapo nyanda za juu zinaanza kukatika na kuteremkia Nyakach na tambarare ya Kano, hadi Ziwa Victoria lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Kericho uko juu ya mita 2,000. Sasa fungua hatimiliki ya shamba lolote la mkulima mdogo huko. Utakuta namba ya shamba, namba ya karatasi ya ramani, na ukubwa kwa hekta, tena ukubwa wenyewe ukiwa umeandikwa kuwa ni wa takriban. Kimo hakimo. Watu ambao lugha yao huanza na juu na chini walipewa hati zinazosema juu ya nchi yao kana kwamba ni meza. Ninachodai hapa ni kwamba pengo hilo ni zaidi ya upungufu wa kiofisi. Kwenye miteremko, asiyejua kimo cha mahali hajui hata mahali penyewe palipo, na ndiyo maana teknolojia mpya ya kuiunda upya sura ya nchi kwa picha za angani na miale ya leza ni deni ambalo watu wa milimani wanastahili kulipwa.

Dai hilo lina msingi katika jambo ambalo kamera haina namna ya kulikwepa. Kamera iliyo angani huuona uwanja wenye nguzo kwa namna yake: nguzo iliyo chini yake moja kwa moja huonekana kama kitone, na zilizo mbali huonekana zimelala, vichwa vimeelekea nje. Mlima nao ni nguzo nene. Kilele chake huonekana kimesogea kutoka mahali pake halisi, na kadiri kilivyo kirefu na mbali na katikati ya picha ndivyo kinavyosogea zaidi. Tuchukue kamera yenye lenzi ya milimita 152, iliyokuwa ya kawaida katika upimaji wa angani, na picha za kipimo cha 1:12,500. Ndege itakuwa imeruka mita 1,900 juu ya ardhi. Shamba lililo mita 95 juu ya usawa uliotumiwa kukokotoa kipimo hicho, likiwa milimita 80 kutoka katikati ya picha, litasogezwa milimita 4. Hizo ni punje mbili za mchele zilizolala bega kwa bega. Juu ya ardhi ni mita 50. Yapo mashamba mengi, yaliyogawanywa kutoka kwa babu hadi wajukuu, ambayo upana wake haufiki hapo. Tena shamba hilo la juu, kwa kuwa liko karibu zaidi na kamera, litaonekana kubwa kuliko lilivyo kwa karibu asilimia 11 ya eneo lake, na la bondeni litaonekana dogo. Ndugu wawili waliogawiwa sawa na baba yao wanaweza kuandikiwa hekta tofauti, na hakuna aliyesogeza ua wala kung'oa jiwe la mpaka.

Picha za namna hii ndizo zilizozaa ramani za usajili katika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake chini ya Martin Hotine, na kikosi nambari 82 cha jeshi lake la anga kikaletwa Afrika na ndege za Lancaster, ndege za mabomu zilizofungwa kamera. Kazi ya kuchora kontua ilifanyika Uingereza. Mchoraji aliketi mbele ya mashine yenye picha mbili za eneo moja zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti. Jicho moja likiona picha hii na la pili picha ile, bonde lilizama na kilima kikainuka mbele yake. Ndani ya kilima hicho kulikuwa na nukta ndogo iliyoelea. Alilizungusha gurudumu la mkono mpaka nukta ionekane imetua juu ya ardhi, akaitembeza ikiwa imegusa vivyo hivyo, na kalamu ikafuata ikichora mstari wa kimo kimoja. Kilima cha Afrika kilipapaswa hatua kwa hatua na mtu ambaye huenda hakuwahi kukikanyaga, na ninaiheshimu kazi hiyo. Karatasi za 1:50,000 zilizotokana nayo na kazi ya Idara ya Upimaji ya Kenya bado zinatumika. Lakini ramani za mashamba zilipitia njia ya mkato. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, usajili ulipoharakishwa, picha za angani zilikuzwa bila kusahihishwa, na mipaka ikafuatishwa juu yake kwa kalamu, ua kwa ua. Kwa Wakipsigis, ambao walikuwa wamejizungushia ua miongo kadhaa kabla ya maofisa wa usajili kufika, njia hiyo ilionekana rahisi kabisa: ua ulikuwapo tayari, ulionekana, ulichoreka. Baadaye kulikuwa na mpango wa kurusha ndege tena ili ramani zichorwe upya kwa vipimo sahihi, baada ya ua kukua vizuri, lakini haukufika kila mahali. Kimo, ambacho mchoraji wa kontua alikitafuta kwa uvumilivu mkubwa, hakikuvuka kuingia kwenye sajili ya ardhi.

Hapa mwanasheria atanizuia, na pingamizi lake ni zito. Atasema sheria yenyewe haikuahidi usahihi. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilisema kwamba mipaka kwenye ramani ni ya jumla tu, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 18, imeendelea kusema hivyo: isipokuwa mpaka umetajwa kuwa umepimwa rasmi, ramani huonyesha takriban, na mgogoro wa mpaka huamuliwa kwanza na msajili kabla haujafika mahakamani. Ua ulio ardhini ndio mpaka. Ramani ni dokezo. Kuleta sentimita kwenye mfumo wa namna hiyo, ataongeza, ni kuwaamsha majirani waliolala kwa amani. Nakubaliana naye nusu ya kwanza. Ule uamuzi wa kuupa ua uzito kuliko karatasi ulikuwa na busara, na unafanana na ulivyokuwa utaratibu wa kokwet, ambapo wazee wa ujirani mmoja walitembea hadi penye mgogoro na kusikiliza pale pale. Lakini ua hufa. Michongoma hung'olewa, barabara hupanuliwa, mkaratusi uliokuwa alama hukatwa na kuuzwa kuni, na waliokumbuka hufariki. Siku hiyo pande zote mbili hukimbilia ile ile ramani ambayo sheria iliita dokezo, na ofisa hutoa rula. Anayejua kimo cha eneo zima anaweza kufanya jambo ambalo rula haiwezi: kuchukua picha ya zamani, kuilaza upya juu ya umbo halisi la kilima, na kuonyesha ua wa mwaka ule ulipita wapi hasa. Kwa njia hiyo sentimita haziwi silaha ya jirani dhidi ya jirani. Zinaeleza kwa nini karatasi na ardhi havikuwahi kupatana, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyeiba.

Njia ya leo ni ile ile ya macho mawili, ila macho yamekuwa mamia. Abiria wa matatu inayoshuka kutoka Kericho kuelekea Sigowet anaijua bila kufundishwa: vichaka vya chai vilivyo kando ya barabara hupita mbio, nyumba ya ng'ambo ya bonde husogea polepole, na vilima vya mbali kabisa ni kama vimesimama. Tofauti ya mwendo huo ndiyo kipimo cha umbali. Droni hupita juu ya shamba kwa mistari, ikipiga picha zinazofunikana kwa robo tatu au zaidi, kisha programu ya kompyuta hutafuta alama zilezile katika picha nyingi: kona ya bati, jiwe jeupe, kigogo. Kutokana na jinsi alama hizo zilivyohama kutoka picha hadi picha, hukokotoa kwa kurudi nyuma kamera ilisimama wapi kila ilipofyatua, na kila alama iko wapi katika urefu, upana na kimo. Yakichanganywa na vibao vichache vilivyowekwa ardhini na kupimwa kwa setilaiti, matokeo ni mamilioni ya nukta zinazounda sura ya nchi. Kazi hii haihitaji tena ndege ya vita wala ofisi ya ng'ambo. Kuanzia 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni ndogo chini ya Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa walioifanya kazi. Anayesema kwamba ni anasa ya matajiri auangalie mfano huo kwanza.

Tatizo ninaloliona zito zaidi liko kwenye chai yenyewe. Shamba la chai lililotunzwa vizuri halionyeshi udongo. Matawi yameshikana, wachumaji wamelisawazisha juu kwa miaka, na kutoka angani kinachoonekana ni uso mmoja wa kijani, laini kama mkeka. Kamera hupima kinachoonekana. Kwa hiyo nukta zote nzuri za droni zitakaa juu ya majani, karibu mita moja kutoka kwenye udongo, na anayeitazama sura hiyo kwenye skrini, pamoja na kivuli na rangi zake, ataamini ameiona ardhi ya Sigowet ilhali ameona kile ambacho mchumaji hukigusa kwa viganja. Wengi hujibu kwamba hapo ndipo leza inapofaa. Leza hutuma mpigo wa mwanga na kuhesabu muda unaochukua kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi, kila nanosekunde ni sentimita 15 za umbali. Juu ya mikaratusi leza hufanya kazi ya kustaajabisha: sehemu ya mpigo hurudi kutoka kwenye majani ya juu, sehemu kutoka kwenye tawi, na kiasi kinachopenya hurudi kutoka ardhini, na kimo cha mti na cha udongo hupatikana kwa mpigo mmoja. Lakini kichaka cha chai ni kifupi na kimefungamana. Mpigo wa mwanga ukidumu nanosekunde 4, vitu vilivyopishana kwa chini ya sentimita 60 hurudisha mwanga uliochanganyikana, na jani la juu na udongo wa chini huweza kusomeka kama kitu kimoja kilicho mahali fulani katikati. Miale michache hupata upenyo kwenye vijia vya wachumaji na kugusa udongo kweli. Programu huzichagua nukta hizo chache na kutandaza kati yake uso wa kukisia. Ni makisio yenye msingi mzuri, lakini huchorwa kwa mstari uleule na rangi ileile ya vile vilivyopimwa.

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti hiyo kati ya jani na udongo ina maana yoyote kwa mkulima. Inayo, na kubwa. Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne. Vichaka hukatwa chini, na uso wa shamba hushuka ghafla. Ukipima kabla ya kupogoa na baada yake, kisha ukatoa kimo kimoja kwenye kingine bila kuuliza, kompyuta itakutangazia kwamba mteremko umepoteza nusu mita ya udongo, na pale chai inapochipua tena itatangaza kwamba udongo umerudi. Na udongo ndio hasa tunaotaka kuujua. Utafiti wa C. O. Othieno kwenye kituo cha utafiti wa chai cha Kericho katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba chai changa, udongo ukiwa wazi kati ya miche, hupoteza udongo mwingi kwa mvua, na kwamba majani yakishafunika, upotevu hupungua karibu kuisha. Ila fikiria ukubwa wa kinachopotea kwa kipimo cha kimo: sentimita 1 ya udongo kwenye hekta moja ni mita 100 za ujazo, karibu tani 100. Sura ya nchi iliyokosea kwa sentimita 10 tu, ambayo wengi wangeiita sahihi, ina nafasi ya kuficha tani 1,000 kwa hekta. Huko chini, kwenye Nyakach, mtu hahitaji leza kuona kinachotokea. Makorongo ya Katuk Odeyo yameimeza ardhi mbele ya macho ya watu. Na kwenye tambarare ya Kano, ambako Mto Nyando hufurika, data za rada zilizokusanywa na chombo cha anga za juu cha Endeavour mwezi Februari 2000, ambazo bado zinatumika sana kwa kuwa ni za bure, zilipopimwa kwa Afrika zilikuwa na kosa la mita tano na zaidi. Maji yanayoingia nyumbani mwa mtu ni ya magotini. Kosa hilo linazidi mafuriko yenyewe kwa kina.

Pingamizi la mwisho halitoki kwa wataalamu, na ndilo linalostahili subira kuliko yote. Katika nchi hii ya chai, mtu mwenye vyombo vya kupimia hakuja kama rafiki. Ardhi ilipimwa, ikakatwa, ikatolewa kwa wageni. Ukoo wa Talai wa Wakipsigis uliondolewa Kericho na kupelekwa Gwassi, sheria ya kuwahamisha ikipitishwa mwaka 1934. Anayeona droni ikizunguka juu ya boma lake na kuuliza imetumwa na nani, anauliza swali ambalo babu zake walijifunza kuliuliza kwa gharama. Simjibu kwa kumwambia kwamba droni sasa zina kanuni za 2020 na data zina sheria ya 2019, ingawa zote mbili zipo na zinafaa kudaiwa zifuatwe. Ninamjibu kwa kumwonyesha tofauti iliyoachwa na upimaji wa zamani. Mashamba makubwa yaliyokodishwa yalipimwa kwa vyombo, kona kwa kona, na bikoni zikazikwa. Mkulima wa eneo la akiba lililotengewa Waafrika alipewa picha iliyokuzwa na neno la takriban. Usahihi ulikuwapo tangu zamani. Uligawiwa upande mmoja. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilipochapisha mapendekezo yake kuhusu dhuluma za kihistoria katika Kericho na Bomet, mojawapo lilikuwa kwamba ardhi ya makampuni ya chai ipimwe upya ili ijulikane kama kuna ziada ya kushikwa kwa niaba ya jamii. Upimaji ulioogopwa na babu ulikuwa umegeuka kuwa dai la wajukuu. Dai hilo haliwezi kuishia kwenye mipaka ya kampuni. Mwenye ekari mbili za mteremko anastahili kipimo cha daraja lile lile, na anastahili pia kuwa nacho mkononi, si kukisikia kimetajwa ofisini.

Kwa hiyo kama Sigowet itapimwa kwa njia hii, ningeomba mambo yaliyo mepesi kuyataja na mazito kuyatimiza. Kila ramani ya kimo ionyeshe kwa rangi tofauti sehemu zilizopimwa kwenye udongo na zile zilizokisiwa chini ya majani, kwa ukweli uleule ambao hatimiliki ilionyesha ilipoandika takriban. Ndege ipangiwe siku kulingana na kalenda ya shamba: asubuhi, ukungu ukishapanda na kabla mawingu ya mchana hayajafunga, na ikiwezekana katika majuma ambayo chai ya mteremko huo imepogolewa na vichaka vimebaki visiki. Hata hivyo visiki navyo vina jambo lake, kwa kuwa matawi yaliyokatwa huachwa chini yaoze na kuulinda udongo, na yakilala hivyo huufunika tena usionekane. Hapo hakuna chombo cha angani kitakachosaidia. Lazima mtu aingie kati ya mistari na fimbo ya kupimia, mwenye shamba akiwa pamoja naye na jirani wa upande wa pili naye ameitwa, ayasogeze matawi kwa mkono, aisimamishe ncha ya fimbo juu ya udongo wenyewe na kusubiri setilaiti ziandike kimo cha pale, kisha ayarudishe matawi yalivyokuwa na kwenda kwenye kichaka kinachofuata.